Ada ya Jua

Mama Kola hakuwa na runinga, na ungempa ya bure angekuuliza kwanza aiweke wapi, na nguo za watu zikae wapi. Zamani alikuwa nayo. Alikuwa nayo pamoja na mume, na wote wawili walikaa upande mmoja wa chumba wakipiga kelele huku yeye upande wa pili akifikicha mashati. Siku mume alipoamua kwenda kuanza maisha na mwanamke mwingine, aliibeba runinga begani kwa uangalifu ambao hakuwahi kumwonyesha mkewe, akaiacha meza yake. Mama Kola hakulia. Alipangusa vumbi, akapanga mezani mashati yaliyopigwa pasi, akagundua kwamba tangu aolewe hakuwahi kupata mahali pazuri hivyo pa kukunjia nguo.

Jina alipewa na wateja wake. Ukimpelekea shati haangalii kifua wala mikono; analigeuza, anaifungua kola, anaikodolea macho. Kwenye kola, alikuwa akisema, ndipo mtu alipo. Huyu haogi shingo. Huyu ana mawazo, anajikuna. Huyu amehamia kwa mtu, maana hii harufu ya sabuni si ya kwake. Alisema hayo mbele ya mwenye shati, tena kwa sauti. Alikuwa mkali, mdomo wake haukuwa na breki, na kuna watu waliokuwa radhi kuzunguka jengo zima ili wasipite mlangoni kwake. Lakini kola zake zilisimama wima hadi jioni. Hilo hata maadui walimkubalia.

Alipanga chumba cha chini, nyuma kabisa ya jengo la ghorofa nne, ubavuni mwa bomba la maji. Kilikuwa chumba kibaya, na sioni sababu ya kukipamba. Dirisha lake lilitazama ukuta wa jirani na sakafu haikukauka mwaka mzima. Alikikubali kwa ajili ya bomba na kwa ajili ya paa. Paa lilikuwa bapa, zege tupu, jua kutwa, na huko ndiko alikofunga kamba zake kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Kila asubuhi alipanda ngazi na beseni kichwani, akaanika, akashuka kufua mengine, akapanda tena kuanua. Bila paa lile hakuwa na kazi. Dobi asiyeweza kukausha ni mtu anayelowesha nguo za watu tu.

Huko juu alikuwa na mwenzake. Mama Pacha wa ghorofa ya pili, mwenye watoto mapacha waliochafuka kwa zamu ili mama yao asipumzike, alipewa kamba moja ya bure, ile ya karibu na mlango, iliyopata jua la kwanza. Wakianika, walisengenya jengo zima kuanzia chini kwenda juu. "Nyumba nzima hii nampenda mtu mmoja," Mama Kola alipenda kusema, "na huyo naye ana kasoro zake." Mama Pacha alicheka, maana alijua kwamba kwa Mama Kola huo ulikuwa wimbo wa mapenzi.

Sasa tuje kwa mtu aliyeharibu mambo.

Msimamizi wa jengo aliitwa Bwana Taarifa, kwa kuwa hakuweza hata kuomba maji ya kunywa bila kuanza na "taarifa ni kwamba". Mwenye nyumba mwenyewe aliishi mbali, na wapangaji wengi, Mama Kola akiwemo, hawakuwahi kumtia machoni. Bwana Taarifa ndiye aliyekuwa mkono wake wa kukusanya na mdomo wake wa kufokea watu. Alikaa mbele ya jengo, kwenye vyumba viwili vya upepo safi ambavyo havikuwahi kuonja kodi yake.

Mwanzo wa mwezi mmoja alipiga hodi kwa Mama Kola akiwa amevaa uso wa mtu anayeleta zawadi.

"Mama Kola, taarifa ni kwamba kuanzia sasa kodi ina kebo ndani yake."

"Ina nini?"

"Kebo. Chaneli. Mpira, tamthilia, habari za dunia nzima. Kila chumba kinaunganishwa, na ada inaingia kwenye kodi moja kwa moja. Husumbuki kwenda kulipa popote."

"Mimi sina tivii."

"Hilo si tatizo la kebo."

Akanyoosha shingo kuchungulia ndani. "Na hiyo meza?"

"Meza ya nguo."

"Hiyo ni meza ya tivii. Ina tundu la kupitisha waya pale nyuma. Usinichezee shere, mama."

"Tivii iliondoka na mwenyewe. Mfuate huko alikoolea, ukamdai yeye."

"Ada ni ya chumba, si ya tivii," alisema Bwana Taarifa. "Uwe nayo, usiwe nayo, uwe unatazama, uwe umelala. Ni lazima."

"Na nisipotaka?"

"Hama."

Alilitamka neno hilo kwa wepesi, kama mtu anayekuonyesha ulipo mlango wa choo. Mama Kola alilipa. Najua wapo wangependa kusikia kwamba alimmwagia maji ya sabuni usoni, na yeye mwenyewe alipenda hivyo, maana beseni lilikuwa karibu. Lakini wateja wake walimjua hapo, bomba lilikuwa hapo, paa lilikuwa hapo. Alilipa huku amekunja uso, na Bwana Taarifa akazipokea zile pesa akitazama pembeni.

Kisha, bila haya, akatoa mfuko mkubwa aliokuwa ameuficha nyuma ya mlango.

"Za mjomba," akasema.

Mjomba wake huyo alikuwa mteja wa miaka. Kila wiki Bwana Taarifa alileta nguo zake: mashati mazito, suti ya rangi ya krimu yenye vifungo vya kahawia, mara nyingine mapazia na mablanketi. Aliomba apunguziwe bei kila mara, eti mjomba ni mzee wa familia, hana mbele wala nyuma. Jambo la ajabu, mzee huyo asiye na kitu alitaka nguo zake zirudi ndani ya mifuko ya nailoni yenye maandishi ya dobi wa mashine wa mjini. Mifuko Bwana Taarifa aliileta mwenyewe. Alisema ni ya kuzuia vumbi.

Mama Kola hakuuliza. Hakumjua mjomba kwa sura, lakini kola zilimwambia ya kutosha: mtu mnene, anayejipulizia manukato badala ya kuoga, na anayegeuka kutazama nyuma upande wa kushoto kutwa kucha, maana kola zake zote zililika upande huo. "Mwambie mjomba wako atulie," alimwambia Bwana Taarifa. "Anaogopa kuibiwa na nani, naye hana kitu?"

Bwana Taarifa hakucheka.

Mafundi wa kebo walifika wiki hiyohiyo na ngazi zao. Waya ulitoka kwenye nguzo ya barabarani, ukaruka ukuta, ukaning'inia juu ya ua wa nyuma, ukapigiliwa msumari juu ya dirisha la Mama Kola, kisha ukapanda ukutani hadi paani. Fundi alitaka nguzo ya pili pale uani ili waya ukae juu zaidi. Bwana Taarifa alimkatalia. Alisema nguzo ni gharama, na waya haujali uko juu au chini.

"Huu utaniua?" Mama Kola alimuuliza fundi, maana ulipita juu ya kichwa chake.

"Hauui, mama. Huu unapitisha picha tu."

Alipopanda na beseni asubuhi iliyofuata alikuta mlango wa paa umefungwa kwa kufuli kubwa. Aliposhuka, akaziona kamba zake mlangoni kwake, zimekunjwa ovyo, na vibanio vyake ndani ya gunia, vingi vimevunjika. Alikuwa amezipita wakati wa kupanda akidhani ni takataka za mafundi.

Akaenda mbele, akagonga hadi mlango ukafunguka.

"Juu kuna kabati la mitambo," alisema Bwana Taarifa, mswaki mdomoni. "Ndilo linalogawa picha. Watu wasiingieingie. Taarifa ni kwamba paa si sehemu ya kodi yako."

"Kebo ni sehemu ya kodi yangu."

"Kebo, ndiyo."

"Nisiyoitaka. Na paa ninalolitaka si sehemu."

"Sasa umeelewa," alisema Bwana Taarifa, akatema povu, akafunga mlango.

Hapo ndipo Mama Kola alipoanza kukiona cha mtema kuni. Alifunga kamba chumbani, kutoka dirishani hadi mlangoni, akawa anatembea ameinama chini ya mikono ya mashati ya watu. Nguo hazikukauka. Zilipoacha kudondosha maji zilianza kunuka uvundo, na pasi haiondoi uvundo, inaupasha moto tu. Mhudumu wa hoteli alirudisha sare zake. Karani wa benki alirudisha blauzi ameishika kwa vidole viwili, akauliza kwa upole kama ilianguka mahali. Mama Kola, ambaye kwa miaka yote alikuwa akiwaambia watu shingo zao zinanuka, alimeza mate akasema atairudia. Upole wa yule karani ulimchoma kuliko matusi. Alijua kinachofuata: mteja mpole haji tena.

Akajikaza kisabuni, akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alipanda ghorofa zote, akagonga milango ya watu aliowatukana, akawaomba waje uani Jumapili asubuhi wamsaidie kusema na Bwana Taarifa. Si habari ya ada. Ada ataendelea kulipa. Anataka mlango wa paa ufunguliwe asubuhi, basi. Hakuwa na hofu kubwa, maana Mama Pacha angeanza kusema na wengine wangefuata. Mama Pacha naye alianika huko.

Wakaja. Bwana Taarifa alikuja pia, akaegemea ukuta na mikono mifukoni. Na Mama Pacha kweli ndiye aliyeanza kusema.

"Jamani, mimi naomba tusirudishane nyuma," alisema, akitazama mabega ya watu badala ya nyuso. "Fundi amesema lile kabati likiguswaguswa picha inakatika. Na ada ni ndogo kwa sababu tunalipa wote. Tukianza, huyu anataka hiki, yule anataka kile, mwisho tutanyang'anywa. Mama Kola ni mwenzangu, mnajua. Lakini nguo zinaweza kukauka popote."

"Popote wapi?" aliuliza Mama Kola.

"Watu wengine wanakausha ndani."

"Watu wengine wana nguo zao tu!"

Palikuwa na tamthilia siku hizo ambamo bibi harusi alikuwa bado hajajua kwamba bwana harusi ana mke mwingine, na jengo zima lilikuwa likisubiri ajue. Tangu kebo iingie, Mama Pacha alishapata kitu cha kufanya jioni mbali na kuwafokea mapacha, na hakuwa tayari kukirudisha. Watu wakaguna, wakatawanyika. Bwana Taarifa akaondoka akipiga mluzi.

Iliuma. Msimamizi akikufokea unamrudishia yake. Mwenzako akikugeuka mbele za watu huna cha kumrudishia. Mama Kola alijifungia ndani, akalia amefumbata shati la mtu, na alipomaliza akalifua upya kwa sababu alikuwa amelichafua.

Alipokuwa akilikamua ndipo alipoona jua. Miaka yote, saa hizo za asubuhi, yeye huwa paani, kwa hiyo hakuwahi kujua kwamba mwanga huteremka kidogo kwenye ua wa nyuma, ukanda mwembamba unaopita katikati ya jengo na ukuta, juu juu, usiogusa ardhi. Kamba isingeweza kufungwa pale. Hapakuwa na cha kuifungia. Lakini palikuwa na waya. Kebo ilipita katikati ya jua lile, imelegea, kwa urefu wa mtu mwenye ufito mkononi.

Alianza na vitambaa vya meza, akivipandisha kwa ufito wenye panda. Kisha mashati. Kufikia mchana kola zilikuwa kavu, na hazikunuka chochote ila jua.

Siku ya pili Bwana Taarifa akatoka mbio.

"Mama Kola! Unaanika nguo kwenye kebo?"

"Kebo yangu."

"Yako tangu lini?"

"Tangu nianze kuilipia. Mwenye tivii anaitumia kwa tivii. Mimi nina nguo."

"Kebo si kamba!"

"Hilo si tatizo la nguo."

Vicheko vikatoka kwenye vibaraza vya juu. Bwana Taarifa akatazama juu, akatazama waya, akasikiliza. Runinga zote zilikuwa zinaongea. Picha haikuwa na neno. Akashusha sauti, akasogea.

"Zile za mjomba vipi? Wiki ya pili sasa."

"Hazijakauka. Umefunga jua."

"Nazihitaji."

"Fungua paa."

Hapo wangeweza kuelewana. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwake, Mama Kola aliusikia ukigongana na chenji. Lakini Bwana Taarifa alikuwa na kichwa kigumu, na watu walikuwa wakimtazama kutoka juu, na mtu wa namna yake akichekwa huongeza kufuli. Aliondoka bila nguo za mjomba.

Ikaja Jumamosi ya fainali. Hata mimi nisiyefuata mpira naikumbuka, maana mji mzima ulikuwa ndani ya nyumba. Bwana Taarifa alikuwa amemwalika mwenye nyumba aje kuona kebo yake inavyofanya kazi. Alikuwa ameazima viti, amefagia hadi barabarani, na alipanga apewe sifa na labda nyongeza ya mshahara. Mama Kola hakuambiwa, na angeambiwa asingejali. Yeye siku hiyo alikuwa na jua zuri, waya mtupu, na mfuko wa mjomba aliouchoka.

Nguo zile zilikuwa zimevunda. Angeweza kuzirudisha vilevile, na Bwana Taarifa alistahili. Lakini kola zilikuwa kola. Akazifua upya zote: akaipitisha suti kwenye maji baridi kwa brashi laini, akaitia kwenye kitundikio, akaipandisha kwenye waya. Waya ukabonyea. Akapandisha blanketi. Waya ukashuka, akaweka ufito chini yake kuutegemeza. Akapandisha blanketi la pili, ambalo lilikuwa limekunywa ndoo nzima ya maji.

Juu kabisa, paani, kitu kikalia *tak*.

Kwanza jengo lilinyamaza. Mtangazaji alikuwa ameanza kupandisha sauti, mtu alikuwa anaelekea golini, na sauti ile ikakatwa katikati kwenye ghorofa zote kwa mpigo. Kisha likatoka yowe ambalo Mama Kola alidhani ni la msiba.

Wakamwagika kwenye vibaraza na kwenye ngazi. Walimtukana kwa namna zote, wengine matusi ambayo yeye mwenyewe aliwahi kuwafundisha. "Mama Kola umetuua!" alipiga kelele Mama Pacha kutoka juu, na wala hakuwa mpenzi wa mpira, alikuwa anaogopa picha isirudi kabla ya tamthilia ya jioni. Mama Kola alisimama katikati ya ua na beseni lake kiunoni, akawatolea macho mmoja mmoja, wala hakusogea.

Bwana Taarifa akaja akipasua watu. Nyuma yake ikaja harufu ya manukato, na nyuma ya manukato akaja mwanamume mnene aliyekuwa akigeuka kila mara kutazama nyuma, upande wa kushoto.

Mama Kola hakuwahi kumwona. Lakini shingo ile aliijua.

"Toa hayo matambara!" alifoka Bwana Taarifa. "Taarifa ni kwamba leo unahama! Unahama leo hii, bosi mwenyewe yupo, ameona kwa macho yake!"

Bosi mwenyewe hakuwa akimsikiliza. Alikuwa akitazama juu.

"Hiyo suti," alisema.

Bwana Taarifa naye akatazama juu, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akaona nguo zilizokuwa kwenye waya.

"Hiyo suti ni yangu," alisema mwenye nyumba. "Na hilo blanketi la kitandani kwangu."

"Kumbe mjomba ni wewe!" alisema Mama Kola.

"Mjomba wa nani?"

"Wa huyu hapa. Si ndiye anayeniletea nguo zako miaka yote? Mjomba hivi, mjomba vile, nipunguzie bei, ni mzee wa familia, hana mbele wala nyuma."

Kwenye vibaraza watu wakaanza kunyamazishana ili wasikie.

"Mimi nguo zangu zinafuliwa mjini," alisema mwenye nyumba taratibu, kama anayejieleza mwenyewe. "Kwenye mashine. Kila wiki nampa pesa ya mashine. Zinarudi zimefungwa kwenye nailoni yao."

"Nailoni analeta yeye. Ninayo nyingine mezani, nikuletee?"

"Bosi, taarifa ni..." alianza Bwana Taarifa.

Wote wakasubiri. Taarifa haikuja. Juu kabisa mtu akacheka, cheko likashuka ghorofa kwa ghorofa, na watu waliokuwa tayari kumrarua Mama Kola kwa ajili ya goli wakasahau kama kuna mpira. Haikuwa kwa kumpenda. Walikuwa wamepata chaneli nyingine, basi.

Mwenye nyumba alikuwa mwekundu wa macho. Kuibiwa kulimuuma, lakini kuna kilichomuuma zaidi: kwa miaka aliwatambia marafiki zake mashine ya mjini inavyosimamisha kola. Alimwambia Bwana Taarifa neno moja la chini ambalo halikusikika, na kabla mwezi haujaisha vile vyumba viwili vya upepo safi vilikuwa na mtu mwingine. Kisha akamgeukia Mama Kola, na asidhani mtu kwamba alimgeukia kwa wema.

"Na wewe shusha hizo nguo kwenye mtambo wangu."

"Ni nguo zako."

"Shusha! Na ada utalipa kama wote. Nikimwachia mmoja, wote watataka kuachiwa."

"Nitalipa," alisema Mama Kola. "Sasa na mimi nikupe taarifa. Kuanzia leo kufua kwangu kuna ada ya jua. Uwe umeleta nguo, usiwe umeleta. Jua liwake, mvua inyeshe. Inaingia kwenye bei moja kwa moja, husumbuki kwenda kulipa popote."

"Ada ya nini? Nani alikwambia naitaka?"

"Ni lazima."

"Na nisipotaka?"

"Hama dobi."

Mwenye nyumba alifungua mdomo, kisha mkono wake ukapanda wenyewe hadi shingoni, ukaigusa kola ya shati alilovaa. Ilikuwa imesimama wima tangu asubuhi, katika joto lile na jasho lile. Akaigusa tena upande wa kushoto, ulipokuwa umelika, na pale ambapo mtu fulani alikuwa ameitia uzi mwembamba bila kuombwa.

Akanyoosha kiganja kwa Bwana Taarifa. "Ufunguo wa juu."

Hakumpa Mama Kola mkononi. Aliutupa ndani ya beseni, ukazama kwenye maji ya sabuni, akaondoka akigeuka nyuma. Mama Kola akauopoa, akaukausha kwa khanga, akautia kifuani.

Hadi leo analipa kebo asiyoitazama, na mwenye nyumba analipa jua asiloliona, na kila mwisho wa mwezi wanachukiana bila kupunguza kitu. Waya ulirudishwa, safari hii na nguzo. Kamba nazo zimerudi paani, isipokuwa sasa katikati yake limesimama lile kabati la chuma, refu kuliko mtu, na kivuli chake asubuhi chote kinaiangukia kamba iliyo karibu na mlango.

Mama Pacha alipanda Jumatatu iliyofuata fainali. Alisimama mlangoni na beseni la nguo za watoto, maji yakimdondokea miguuni.

"Mwenzangu," alisema. "Unajua yule bibi harusi amejua?"

Mama Kola alikuwa na vibanio mdomoni. Aliendelea kuanika.

"Naomba nianike."

Vibanio vikatoka. "Kamba yako ile pale. Palepale ulipoiacha."

Mama Pacha akaitazama, akatazama kabati, akatazama kamba nyingine zilizojaa jua, nyingine zikiwa tupu.

"Lakini ile haina jua sasa."

"Nguo zinaweza kukauka popote," alisema Mama Kola, akarudisha vibanio mdomoni.